Ugonjwa wa Wakoli, Kama Nilivyouona

Kawangware, upande wa Riruta
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mpendwa Mama Morris,

Nakusalimu wewe na watoto, na ninaomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu za kusimama kwenye kibanda chako cha mboga hapo Silanga. Morris anaendeleaje na shule? Na Mitchelle, bado anaingia chini ya meza akisikia radi? Juzi Valentine, jirani yenu wa zamani hapa kwenye ploti, alipokuja kwako kununua sukuma aliniambia umepungua mwili kidogo, ila ukimkemea mteja sauti yako bado inafika ng'ambo ya bwawa. Nilifurahi kusikia hivyo. Mimi, ukitaka kujua hali yangu, siko vizuri na sitakuficha. Moyo umechoka. Miguu imevimba hata viatu vinavyonitosha ni vile vya marehemu mume wangu, na hiyo ngazi moja ya mlango wangu naipanda kama mtu anayepanda mlima Longonot. Daktari siku hizi hazungumzi nami. Anazungumza na mwanangu Irungu nje ya mlango, na mtu wa umri wangu akishaona hivyo hahitaji kuuliza.

Habari za ploti, hivi vyumba vyangu vya kupangisha, ni zile zile. Kiragu bado ndiye keateka, mtunzaji wa ploti, na bado anaibishia mifereji kana kwamba inamsikia. Kwenye chumba chenu cha zamani, kile cha mwisho karibu na tangi, sasa anakaa kinyozi mpole ambaye hupiga pasi hata soksi.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwanza, tangu Agosti hupokei simu zangu. Pili, simu yangu siku hizi inashikwa na Becky, mke wa Irungu, ambaye huiweka sauti ya juu ili, kama anavyosema, nisikie vizuri. Mimi nasikia vizuri. Anayetaka kusikia vizuri ni yeye. Wanadhani kila ninachonong'ona kinahusu nani nitamwachia ploti. Kwa hiyo nimeandika kidogo kidogo, asubuhi wakiwa kazini, na karatasi nimekuwa nikizificha chini ya godoro kama msichana wa bweni. Bahasha nimeifunga kwa gundi na juu yake nikapitisha selotepu. Ukiona selotepu imebanduliwa, ujue kuna mtu aliyeisoma kabla yako, na usinilaumu mimi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Valentine, ambaye hawezi kuweka siri na ndiyo sababu nampenda, ameniambia kwamba Desemba hii, watu wote wakishafika nyumbani Bungoma, utasimama mbele ya wazee wa ukoo uombe wifi yako Nabalayo aondolewe kwenye boma. Kwamba ile nyumba ya udongo aliyojenga aliporudi kutoka kwa mumewe ibomolewe, na asikanyage tena penye kaburi la kaka yake. Sababu uliyompa Valentine ni kwamba yeye ndiye aliyemuuza mumeo Wakoli kwa watu wa korona. Kambi Muru anakokaa yeye na Silanga kwako ni hapo kwa hapo. Nasikia mnapishana sokoni na unaigeuza shingo mpaka apite. Wazee wakikubali ombi lako, mwanamke huyo hatakuwa na mahali pa kuzikwa, maana kwa mume alishafukuzwa. Hilo ndilo lililonitoa kitandani.

Uliwahi kunieleza, tukichambua mboga za terere mlangoni kwangu, kwamba kwenu siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, yule aliyemuuguza marehemu husimama na kuusimulia ugonjwa wote. Ulianzaje, alikula nini, alipelekwa wapi, alisema neno gani la mwisho. Watu humuuliza maswali mpaka waridhike. Ukaniambia kwamba mtu akizikwa bila ugonjwa wake kusimuliwa, kila mmoja hujisimulia wake, na ndani yake huweka adui anayemtaka. Nilikusikiliza kwa heshima huku moyoni nikiona ni maneno ya kijijini. Nisamehe. Wakoli alizikwa bila kusimuliwa. Wewe hukuwa naye, Nabalayo alikuwa amefungiwa karantini, nami nilikuwa hapa na barabara zimefungwa. Basi niruhusu nisimame sasa, ingawa naandika nikiwa nimekaa. Mimi ndiye niliyemwona kila siku.

Unakumbuka ulivyoondoka. Shule zilikuwa zimefungwa ghafla, mama yako alikuwa mgonjwa, ukabeba watoto ukasema utarudi baada ya Pasaka. Kisha wakaifunga Nairobi, hakuna kutoka wala kuingia, ukabaki huko na Wakoli akabaki huku. Mlidhani ni jambo la wiki mbili.

Sheria zilikuja moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuja na rungu. Tuliambiwa tuoshe mikono wakati mfereji ulikuwa unakohoa hewa. Tuliambiwa tukae mbalimbali, na wewe unajua vyumba vyangu, nilivijenga mwenyewe, mtu akinyoosha mkono kitandani anamshika jirani. Nikupe mfano wa barakoa. Ndani ya ploti hakuna aliyeivaa sawasawa. Zilining'inia kidevuni kama ndevu za mbuzi, na askari wakionekana kwenye kona, kijana mmoja alipiga mluzi na zote zikapanda juu kwa pamoja. Lakini mfereji ulikuwa jambo jingine. Maji yalipoanza kuja mara chache, kina mama wenyewe walikaa uani wakakubaliana. Chumba kimoja kwa zamu, na anayengoja akae kwenye kizingiti chake. Hakuna ofisi iliyowaagiza. Zamu hiyo ilishikwa mpaka mwisho, hata na Kiragu, ambaye sijawahi kumwona akishika kitu chochote alichoambiwa. Nilikuwa mwalimu maisha yangu yote na ningepaswa kuelewa nilichokuwa nikikiona. Mtoto unayemtisha hujifunza kuzitambua hatua za mwalimu kwenye korido. Hesabu hajifunzi.

Wakoli naye mwanzoni hakuwa na barakoa, zilikuwa zimeisha madukani, na askari walikuwa wakishika watu hata milangoni. Akaenda mferejini amevaa ile ngao yake ya kuchomelea, ya chuma, yenye kioo cheusi. Valentine akamuuliza, "Fundi, umekuja kuchota maji ama kuyachomelea?" Akajibu kutoka ndani ya chuma kwamba anatafuta mahali yanapovuja. Watoto wote wa ploti wakamfuata wakiwa wameshika sufuria usoni. Nakueleza haya kwa sababu hukuwepo, na ni yako.

Kilichotuharibu ni karantini. Urbanus, yule wa mandazi wa ploti ya jirani, alishikwa jioni moja bila barakoa. Hakuwa mgonjwa. Alipelekwa karantini jinsi mtu anavyopelekwa seli, akachanganywa na watu wanaokohoa, na alipoachiliwa alirudi amekonda. Alisimama langoni petu akasema, "Mimi nikianza kukohoa, heri nikohoe ndani ya mto wa kulalia. Hapo hawatanipata." Na ndivyo watu walivyofanya. Walikohoa ndani ya mito. Walioshindwa walifungulia redio. Ukisikia nyimbo za injili zimepandishwa sauti mchana wa siku ya kazi, ulijua nyuma ya wimbo kuna kifua. Tukaanza kusikilizana kupitia mabati. Mama aliyezoea kuazima chumvi aliacha kuazima, na aliyezoea kuazimwa alijiuliza kwa nini.

Sisi wenye ploti tuliitwa mkutanoni, tukasimamishwa kwenye jua, kila mtu na duara lake la chokaa, tukaambiwa kwamba anayeficha mgonjwa ni sawa na muuaji. Tulipewa karatasi yenye namba ya kupiga. Nilirudi nyumbani nikiwatazama wapangaji wangu kama mtu aliyeibiwa. Nao walinitazama vivyo hivyo. Mkikuyu, mwenye ploti, mwalimu mstaafu, mtu wa kuitwa mikutanoni. Kama kungekuwa na jasusi pale, angekuwa nani mwingine? Salamu zikapungua. Kiragu aliniambia, kama mzaha, kwamba watu wanasema Mwalimu ana masikio mapya. Sikucheka, kwa sababu kiti changu kilikuwa kweli kimesogea karibu na ukuta.

Redio ya Wakoli ilipanda sauti mwezi wa Mei. Nilishtuka, maana Wakoli hakuwa mtu wa injili. Alikuwa mtu wa mpira. Nilipomgongea alitoka akasimama mbali, akaniambia ni vumbi la chuma. Nilijua ni uongo naye alijua kwamba najua. Alikuwa akikupigia simu kila jioni akiwa uani, na kabla ya kupiga alikunywa maji ya moto ili sauti isikwaruze. Alikuambia ni mafua. Ulivyomjibu najua, kwa sababu alinieleza mwenyewe baadaye. Ulimwambia achemshe mwarubaini, ajifukize chini ya blanketi, na asithubutu kuwaita watu wa serikali, kwa kuwa wanaochukuliwa hawarudi. Ulimwapisha. Naye akakuahidi. Hapo hukukosea, Mama Morris. Mtu yeyote mwenye akili zake kwenye ploti hii angemwambia hivyo.

Nabalayo alikuwa akija kwa miguu kutoka Kambi Muru, na chupa ya uji wa wimbi ndani ya kikapu. Uji aliuweka kizingitini, halafu akaigeuza ndoo na kukaa juu yake upande wa pili wa ua, akimsimamia mpaka amalize. Walizungumza Kibukusu na Kiswahili kwa pamoja, na vile nilivyoelewa vilikuwa matusi ya kindugu. "Kunywa, wewe jitu zima, umekonda, sasa mkeo Sella akirudi utaweza kumkimbia kupitia dirishani." Wakoli akamwambia uji wake hauna sukari kama moyo wake. Alicheka, kikohozi kikamshika, na Nabalayo akainuka haraka akaipandisha redio. Kila mtu uani alijifanya anasikiliza wimbo.

Siku ya gari ilikuwa mchana, jua kali. Gari jeupe liliingia njia yetu likipiga king'ora, na nyuma yake lori la askari. Hadi leo sijapata mtu wa kunieleza lori lilikuwa la nini. Walikuja kumchukua mgonjwa mmoja, na mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa kitandani amefunga kamba za viatu. Watu wakajaa langoni. Mtu fulani akarusha jiwe, askari wakarusha moshi, Valentine akapita mbele yangu amemfunika mtoto wake kwa kanga. Wakoli alitoka katikati ya watu wawili wenye mavazi meupe, ambao hawakuwa na nyuso. Nabalayo alisimama kutoka kwenye ndoo yake, akamkimbilia. Nilipomaliza kufuta macho, nilimwona amesimama kando ya gari na simu ya kaka yake iko mkononi mwake. Kila mtu alimwona hivyo. Halafu wakampakia na yeye pia, kwa kuwa alikuwa karibu, na ploti yetu ikafungwa, askari langoni, hakuna kutoka.

Wakoli alifariki hospitalini kabla hatujafunguliwa. Mazishi yake unayajua kuliko mimi. Ni wewe uliyesimamishwa mbali na kaburi la mumeo, ukawaona wageni wakimshusha na kunyunyiza dawa juu ya udongo kama watu wanaoua siafu. Hukufunguliwa jeneza. Sitayarudia. Siku ya kunyoa, uliniambia baadaye, mzee aliuliza ni nani atausimulia ugonjwa, na hakuna aliyesimama. Ndipo ukampigia Kiragu, na Kiragu akakuambia kwamba gari lilipofika, dada mtu ndiye aliyekuwa na simu. Hakusema zaidi. Mengine mliyajaza ninyi. Kwamba alitaka mashine ya kaka yake ya kuchomelea. Kwamba palikuwa na ugomvi wa shamba tangu mzee wao akiwa hai. Kwamba watu walikuwa wakilipwa kwa kila jina walilotoa. Maneno hayo yalirudi Kawangware yakiwa yamenenepa, nami niliyasikia nikanyamaza.

Ukaja kuchukua vyombo vyako Julai, barabara zilipofunguliwa. Ulilala kwangu. Uliniuliza, nikiwa nakupakulia githeri, kama ni kweli kuhusu simu. Nilikuambia tule kwanza, chakula kinapoa. Hukuuliza tena, na nadhani ulilichukua hilo kuwa jibu.

Sasa nisikilize vizuri. Nabalayo hakupiga simu. Wakoli alipiga mwenyewe.

Alipiga asubuhi ile, amekaa kitandani, na mimi nilikuwa nimesimama nje ya dirisha lake nikimsomea namba kutoka kwenye ile karatasi tuliyopewa mkutanoni. Nilimsomea mara mbili, maana mara ya kwanza alibonyeza vibaya. Alipomaliza alinishukuru. Neno hilo, "asante Mwalimu," ndilo ninalolisikia Becky akinizimia taa.

Hakuamka tu akaamua. Mimi nilikuwa nimemwendea pale dirishani siku tatu mfululizo. Nilimwambia kwamba Urbanus alitendewa vibaya kwa sababu alishikwa akivunja sheria, ila mtu anayejitokeza mwenyewe hupokelewa kwa heshima. Nilimwambia kuna kitanda, kuna hewa ya kupumulia, kuna madaktari, na hakuna atakayejua, nikamtajia na mtoto mchanga wa Valentine. Nilisema kwa ile sauti yangu ya darasani, ambayo watu wazima wenye ndevu bado huiogopa. Sikuwa najua lolote kati ya hayo. Nilikuwa nimeyasikia redioni. Alinijibu kwamba alikuahidi hatafanya hivyo. Kisha akasema kitu ambacho ni haki yako kukijua. Alisema ukuta kati yake na Valentine ni bati moja, na yule mtoto mchanga alikuwa ameanza kupiga chafya. "Mwalimu, huyo mtoto akipiga chafya, nasikia kama ni mimi nimempiga." Kwa hiyo sitajitwika uamuzi wake wote. Sehemu yake aliifanya kwa ajili ya mtoto huyo, ambaye leo yuko chekechea na ananichunia maua ya jirani. Lakini mimi, Mama Morris, sikuwa nikimfikiria mtoto. Nilimtaja mtoto kwa sababu nilijua atamsikia. Nilikuwa nikifikiria kifua changu mwenyewe. Nilikuwa mzee, nina presha, na nilitaka kikohozi kile kitoke kwenye ploti yangu.

Aliniomba jambo moja, kwamba wewe usijue ni yeye aliyepiga, maana alikuwa amevunja neno lake kwako. Alisema atakueleza akipona. Simu alimpa dada yake mlangoni mwa gari ili aweze kukupigia na kukueleza taratibu, usije ukaanguka. Kabla hajapiga, walimpakia naye, na simu wakaichukua. Hiyo ndiyo simu iliyoonekana mkononi mwake.

Ningeweza kusema nilinyamaza kwa kumtii marehemu. Kwa muda mrefu nilijiambia hivyo. Lakini sikunyamaza. Tulipokuwa tumefungiwa, unga umeisha na watu wana hasira, Kiragu alisimama katikati ya ua, kila mpangaji yuko kwenye kizingiti chake, akaniuliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwalimu, ni nani alituuza?" Macho yote yalikuja kwangu, na nilijua wamenifikiria mimi. Nikasema, "Mimi nilimwona Nabalayo ameshika simu." Ilikuwa kweli, kila neno. Hakuna mahakama ingenishika kwa sentensi hiyo. Nikayaona macho yao yakiondoka kwangu moja moja, nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikanywa chai. Nilimchagua kwa sababu hakuwepo. Niliogopa wangenichomea nyumba, na huenda wangenichomea kweli, ila hilo halinisaidii leo.

Alhamisi iliyopita nilimtuma Valentine aniitie Nabalayo. Alikuja, akakataa kiti, akakaa pale mlangoni. Nilimwambia nimekosa na kwamba nakuandikia ukweli wote. Nilidhani atalia au atanitukana. Aliniambia, "Wachana nayo, Mwalimu. Mimi nishazoea." Nikamuuliza kama anajua ni nani aliyepiga simu. Akasema alijua tangu siku ile, kaka yake alimwambia akimkabidhi simu. Nikashindwa kuelewa. Miaka yote hii umemgeuzia shingo, wazee wamemnong'ona, watoto wako wamekatazwa uji wake, na alikuwa na jibu mdomoni. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni. Kwenu, anayejitoa uhai hazikwi kama wengine wala hatajwi kama wengine. Watu wote walikuwa wakisema wanaochukuliwa hawarudi. Mkewe alikuwa amemwambia hivyo na kumwapisha. Naye akawaita mwenyewe, akafunga viatu, akawangoja. "Wazee wangesema nini, Mwalimu? Wangesema Wakoli alijiua kwa simu. Heri waseme mimi ni mchawi, kaburi likae pale lilipo."

Sijui kama umewahi kusomeshwa na mtu aliyekaa mlangoni kwako. 

Kwa hiyo naomba unielewe, na wazee wakuelewe. Wakoli hakujiua. Aliita msaada, tena kwa sababu ya mtoto asiye wake. Kwamba watu wenye akili timamu wanaweza kuyachanganya mambo hayo mawili si kosa la Nabalayo, wala lako, wala la desturi zenu. Sisemi ugonjwa haukuwepo. Ulikuwepo, na sheria zilihitajika, na huenda Wakoli angekufa hata kama wangekuja kumchukua wakiwa wamebeba maua. Lakini waliotutawala waliifanya hospitali ifanane na jela, hata mtu anayeita daktari akaonekana anajishtaki. Wangemtuma mtu mmoja, kwa miguu, bila lori, akae uani na wale kina mama wa mfereji awaulize, "Ninyi mnaona tufanye nini?", nina hakika redio zingezimwa na watu wangekohoa hadharani. Walianza kwa kutotuamini. Nasi hatukuwaamini. Halafu tulipokosa wa kumfikia huko juu, tukageukiana sisi kwa sisi, na mimi nikawa wa kwanza.

Ninachoomba ni hiki. Siku hiyo ya wazee, usimame kama ulivyopanga kusimama, ila uisome barua hii, yote, pamoja na sehemu zinazonitaja. Hapo ndipo ugonjwa wake utakuwa umesimuliwa. Wakiuliza maswali ambayo sikuyajibu, Nabalayo atakuwepo kujibu, kama mtamwacha aingie. Msamaha wangu ni jambo dogo na sina muda wa kuufuatilia.

Nikuambie na hili la mwisho. Nilikuwa nimeanza kuandika nakala ya pili. Nilitaka kumpa mchungaji wenu wa huko, aifungue siku hiyo na kuisoma kwa lazima endapo wewe utainyamazia, maana sikukuamini. Nimekuwa mtu wa kutoamini kwa muda mrefu sana. Nilifika katikati ya ukurasa wa kwanza nikaona ninafanya nini. Nilikuwa naleta lori nyuma ya gari. Nimeichana. Barua ni hii moja, na Nabalayo mwenyewe angependa uichome. Uamuzi ni wako, nami sitakuwepo kukagua.

Nisalimie Morris, mwambie asome vitabu hata visivyo vya mtihani. Mbusu Mitchelle kwenye paji la uso kwa niaba yangu. Valentine anakusalimu, na Kiragu pia, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Mama yako, kama bado yuko nasi, mpe pole ya miguu kutoka kwangu, yeye ataelewa. Mungu akulinde wewe na kibanda chako.

Mimi niliyekupangisha nyumba na kukuficha jambo,

Waithira wa Kihara, uliyezoea kuniita Mwalimu